Simulizi za Manusura na Swali la "Funzo"

Katika darasa la fasihi tumezoea maswali yaleyale: dhamira ni zipi, ujumbe ni upi, mwandishi ana falsafa gani? Kwa riwaya, maswali hayo yanafaa. Makala haya yanadai kwamba yanaharibu simulizi za manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyotokea Rwanda mwaka 1994.

Tuchukue vitabu viwili. Cha kwanza ni Left to Tell (2006) cha Immaculée Ilibagiza, alichokiandika kwa kushirikiana na Steve Erwin. Mwandishi alijificha siku 91 katika bafu dogo nyumbani kwa mchungaji, pamoja na wanawake wengine saba. Surasura za humo bafuni zina nguvu ya ajabu: njaa, kimya cha lazima, sauti za wauaji wanaomtafuta kwa jina lake. Lakini safari yote inaelekea kwenye msamaha, na pale gerezani anapomsamehe mmoja wa waliohusika na vifo vya jamaa zake, msomaji hufunga kitabu moyo umetulia. Msamaha huo ni wake, hatuna haki ya kuujadili. Kosa ni la mwalimu anayeugeuza kuwa jibu la mtihani. Mwanafunzi akiandika "tusameheane" anapata alama zote, hata kama hajui nani aliuawa wala kwa nini.

Cha pili, Dans le nu de la vie (2000), ni cha mwanahabari Mfaransa Jean Hatzfeld, aliyekusanya masimulizi ya manusura 14 wa Nyamata, wengi wao waliojificha kwenye vinamasi vya mafunjo. Hapa hakuna tamati moja. Mmoja ana hasira, mwingine amechoka, mwingine haelewi kwa nini yeye yu hai. Ni kweli kwamba sauti zote 14 zimepitia kalamu ya mtu mmoja, tena kwa Kifaransa, na maswali aliyowauliza mengi hatuyaoni. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hiki ndicho kinachofaa zaidi kufundishia, kwa sababu kinamnyima msomaji funzo la haraka.

Kwetu sisi walimu wa lugha, jambo lenyewe liko kwenye maneno. Kwa Kinyarwanda manusura huitwa abacitse ku icumu, yaani walioponyoka mkuki. Neno letu "manusura" linatokana na kunusuru, na nyuma ya kunusuru kuna mwokozi. Kinyarwanda hakimtaji mwokozi yeyote: kuna mkuki uliokusudiwa kuua, na kuna mtu uliyemkosa. Neno "mhanga" ni baya zaidi, maana lina harufu ya kafara, na hakuna aliyejitoa kafara pale. Halafu kuna gukora. Wauaji waliita kuua "kazi". Mwanafunzi Msoga au Mganda hahitaji kamusi hapo, kwa kuwa nyumbani kwao husema okukola kila siku. Akishalisikia neno hilo la shambani na jikoni likitumika hivyo, hatauliza tena ujumbe ni upi.

Wapo watakaosema hayo ni ya Rwanda. Hapa Wanyange tunalitazama ziwa kila asubuhi. Mwaka 1994 Mto Kagera ulizibeba maiti hadi ziwa hilohilo, watu wengi wakaacha kula samaki, na wanakijiji na wavuvi wa upande wa magharibi wakazitoa majini. Zaidi ya watu 10,000 wamezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo, ndani ya Uganda. Maji hayo hutokea Jinja, yakaitwa Nile.

Kwa hiyo elimu ya jamii kwa upande wetu ingeanza na wale waliozitoa maiti majini na kuzizika. Nao ni mashahidi, na umri unakwenda. Tusikimbilie kuwahoji kwa Kiswahili. Wazee wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kinywani mwa askari, hasa enzi za Amin (1971–1979), na mtu hasimulii maiti kwa lugha aliyoamrishwa nayo kizuizini. Wasikilizwe kwa Kiganda. Kisha wanafunzi wetu watafsiri, na pale tafsiri inapogoma waliache neno la mzee kama lilivyo, waeleze pembeni kwa nini limewashinda.