Mti Unaoteremka Mlima

Chukudu mpya, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo ya mashariki mwa Kongo, ikiletwa mbele yangu, kitu cha kwanza ninachokishika ni gurudumu. Ubao mrefu wa mkaratusi unaweza kupendeza, na usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe unaweza kukuvutia, lakini fundi hupimwa kwa gurudumu. Amelichonga katika mti mgumu kwa panga na tindo, akalisawazisha kwa jicho lake, akalivisha ukanda wa tairi kuukuu na kuupigilia misumari. Lizungushe kwa kidole. Likiyumba sasa, litayumba zaidi chini ya magunia ya viazi.

Barabara ya Masisi hupita kwenye milima ya malisho mpaka Sake, kisha Goma. Kupanda ni kazi ya misuli, na vijana husukuma wakisaidiana. Kushuka ni kazi ya fundi. Mzigo wa kilo mia kadhaa ukishaanza kukimbia, kilichobaki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga. Breki ni hiyo tu.

Mteremko huo hunikumbusha mchezo wa nchi za baridi uitwao skeletoni. Mchezaji hukimbia ameinama, akisukuma kigari cha kutelezea, kisha hukilalia kifudifudi, kichwa mbele, na kuteremka mfereji wa barafu kwa kasi inayoweza kupita kilomita 120 kwa saa. Hana breki wala usukani; huongoza kwa mabega na magoti. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Akwasi Frimpong wa Ghana na Simidele Adeagbo wa Nigeria waliushuka mfereji huo. Nawaheshimu sana. Kila nikiutazama mwanzo ule wa kukimbia na kuinama, namwona kijana wa Masisi, goti moja ubaoni, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Ila barafu yao hulainishwa kabla ya mbio. Njia yake yeye ni mawe, na mvua ya jana imeshaichimba upya.

Goma imeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, na inastahili. Mimi hurudi kwa fundi, saa ile kazi inapokaribia kwisha, anapokata kipande cha kandambili kuukuu na kukipigilia pale goti litakapokaa.