Paundi 26: Kosa Lililobandikwa Mlangoni

Paundi 26 hazikuwa kosa la fundi wa tairi wala la dereva mvivu wa kushika geji. Ziliamuliwa na watengenezaji wenyewe, zikabandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva wa Ford Explorer, na mamilioni ya watu wakazifuata kwa utii. Kisa cha Explorer na matairi ya Firestone kila mpenzi wa magari anakijua: gari liko kwenye mwendo wa barabara kuu, ngozi ya juu ya tairi inabanduka, kashata na waya vinaruka, gari linayumba na kupinduka. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilihesabu vifo 271 nchini humo. Tangu wakati huo ubishi umekuwa nani alitengeneza tairi bovu, na Firestone wamebeba lawama nyingi, tena kwa haki. Lakini kosa lililo baya zaidi kiufundi lilifanyika kabla ya Explorer ya kwanza kuuzwa, pale upepo wa tairi ulipogeuzwa dawa ya ugonjwa wa chesisi.

Tukumbuke hali ilivyokuwa mwaka 1989. Explorer ilikuwa inaandaliwa kuchukua nafasi ya Bronco II, gari ambalo tayari lilishajulikana kwa kupinduka. Ilijengwa juu ya msingi wa pikapu ya Ranger, ikarithi na ekseli zake za mbele za Twin I-Beam, ambazo zililazimisha injini ikae juu. Kwenye majaribio ya kukata kona ya ghafla, gari la mfano likawa linanyanyua magurudumu. Nyaraka za ndani zilizokuja kutolewa kwenye kesi zinaonyesha wahandisi walikuwa na njia nne mezani: kupanua nafasi kati ya tairi la kushoto na la kulia, kushusha injini, kukaza springi, au kupunguza upepo. Mbili za kwanza zingegharimu fedha na kuchelewesha gari. Zikachaguliwa mbili za mwisho. Tairi ambalo ubavuni limeandikwa kikomo cha paundi 35 likapangiwa 26.

Kwa nini upepo mdogo unasaidia gari lisipinduke? Kwa sababu tairi laini hukata kona kwa uzembe. Usukani ukizungushwa ghafla, tairi lililojaa vizuri huuma lami papo hapo, na gari refu lenye uzito juu linaweza kujikwaa juu ya magurudumu yake lenyewe. Tairi lenye upepo kidogo hukunjika ubavu kwanza, huchelewa kushika, kisha huteleza, na gari linalotelezea pembeni angalau limebaki chini. Kwa hiyo wahandisi hawakuwa wajinga. Kwenye uwanja wa majaribio hesabu yao ilitoa jibu walilolitaka. Ila walinunua utulivu wa sekunde mbili kwenye kona kwa kulikopa tairi uhai wake wote wa barabarani.

Chukua tairi lenyewe, 235/75 R15. Mzunguko wake ni kama mita 2.3. Kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa linazunguka mara 13 hivi kila sekunde, na kila mzunguko ubavu unakunjika unapogusa lami na kunyooka unapoondoka. Mpira ukikunjwa unatoa joto. Upepo ukipungua, mkunjo unakuwa mkubwa zaidi, na joto linapanda sambamba nao. Joto hilo hujikusanya begani mwa tairi, kwenye kingo za mikanda ya waya, na uchunguzi wa NHTSA uliotolewa Oktoba 2001 ulionyesha kwamba nyufa zilianzia hukohuko kwenye kingo, zikatambaa katikati ya mkanda mmoja na mwingine hadi mikanda ikaachana. Majimbo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya joto: Arizona, Texas, Florida, California. Hata kabla Marekani haijashtuka, mwaka 1999 Ford ilishaanza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na kwingine kwenye Ghuba. Kule lami huchemka, na tairi lililopungukiwa upepo halina mahali pa kupumulia.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni akiba. Tairi zima, lisilo na msumari wala vali mbovu, hupoteza takriban paundi moja kwa mwezi. Likipangiwa 32 na mwenye gari akasahau kupima miezi sita, linabaki na 26, na bado linabeba mzigo wa kawaida bila kuteseka sana. Likipangiwa 26, usahaulifu uleule unalishusha hadi 20, na hapo watu watano na mizigo yao wanaelea juu ya hewa isiyotosha. Watengenezaji walijua watu hawapimi. Kila anayefanya kazi ya magari anajua. Namba ya kibandikoni haiandikwi kwa ajili ya dereva makini peke yake. Inatakiwa impe nafasi hata yule aliyesahau, na paundi 26 hazikumwachia kitu.

Ford walijitetea kwa hoja moja nzuri, na haifai kuipita kimyakimya. Walisema Explorer nyingi za katikati ya miaka ya 1990 zilivaa matairi ya Goodyear, kwa paundi hizohizo 26, na hayakubanduka kwa kiasi cha kutisha. Ni kweli, na ni ushahidi tosha kwamba matairi ya Firestone, hasa yale ya kiwanda cha Decatur, Illinois, yalikuwa na udhaifu wake. Lakini tairi la Goodyear kuvumilia hakuthibitishi kwamba namba ilikuwa sahihi. Kunathibitisha kwamba tairi lile lilikuwa na nguvu za ziada. Upepo sahihi ndio unaolipa hata tairi la wastani nafasi ya kuishi. Wengine huleta uamuzi wa Februari 2002, NHTSA ilipokataa ombi la Firestone la kuichunguza Explorer, kwa kuwa haikuonekana kuwa mbaya kuliko magari ya aina yake. Uamuzi ule uliipima Explorer na wenzake, warefu kama yeye. Haukuwa unajibu kama ni halali kutibu urefu wa gari kwa kulegeza tairi.

Na jibu Ford walilitoa wenyewe, kwa vitendo. Agosti 9, 2000, matairi yapatayo milioni 6.5 yaliitwa yarudishwe, huku Firestone wakitaka upepo uwe paundi 30, na mwaka huohuo Ford wakakubali kuupandisha hadi hapo. Explorer mpya ya mwaka 2002 ikaja imepanuliwa kwa inchi 2.5, na ekseli nzima ya nyuma imeachwa kwa mfumo ambao kila gurudumu linajitegemea. Kupanua gari kumbe kuliwezekana.

Hapa ndipo ninapowakumbuka waliojenga Peugeot 504. Wengi huisifu kwa ulaini wake kwenye barabara mbovu, na Ove Andersson aliipeleka hadi ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, lakini wachache huinua boneti wakatazama jinsi injini ilivyolazwa. Imeinama nyuzi 45 upande mmoja, ili uzito ukae chini. Ulaini ulitoka kwenye springi ndefu na viti vilivyojaa, na tairi likaachiwa kazi yake ya kubeba na kushika barabara. Watu wale walikuwa na kompyuta kidogo kuliko wahandisi wa 1989, ila walijua ni kifaa kipi kinastahili kusumbuliwa na kipi kiachwe.

Sheria ya Marekani ya TREAD ya Novemba 2000, iliyotokana na mkasa huu wa Explorer, ilikuwa kazi nzuri, na ndiyo iliyoleta vihisio vya upepo kwenye magari mapya yote ya abiria Marekani kufikia 2007. Tatizo langu ni taa ya onyo inayowashwa na vihisio hivyo. Sheria inaitaka iwake upepo ukishuka kwa robo chini ya kipimo cha kibandikoni. Gari la paundi 32 linaweza kutembea na 25 dashibodi ikiwa kimya, na dereva akaamini mambo ni shwari. Taa ile ni kengele ya moto, na wengi wameifanya geji. Kwenye magari yetu yaliyotumika Japani mambo yana sura nyingine: kibandiko kipo, kimeandikwa 220 kwa kilopaskali, pengine na 2.2 pembeni, yaani karibu paundi 32, lakini hakisomwi. Fundi anainama, anasoma kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na anajaza hadi hapo. Kikomo cha ubavuni kinamhusu mtengeneza tairi, ambaye hajui litafungwa kwenye gari gani. Na wanaotozwa fedha kwa ajili ya naitrojeni wajue hewa ya bure ya kompresa tayari ni naitrojeni asilimia 78. Fedha hiyo inatosha kununua geji yako mwenyewe.

Kuna atakayeuliza: kama kibandiko cha Explorer kilikosea, kwa nini tukiamini cha gari jingine? Kwa sababu kile kilipotoshwa na udhaifu wa gari uliohitaji kufichwa, na kilikosea kwa kushuka, hakikukosea kwa kupanda. Kichukulie kama kiwango cha chini kabisa. Gari likijaa watu na mizigo ya safari ndefu, fuata kipimo cha mzigo mzito kama kimeandikwa. Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala usiku kucha au limesimama kwa muda wa saa tatu. Ukipima baada ya mwendo utakuta paundi zimeongezeka kwa joto. Usizitoe, kwa maana kesho asubuhi zitakuwa zimekosekana.

Kesho kabla ya kuwasha gari, fungua mlango wa dereva, soma namba iliyoandikwa kwenye nguzo, upime matairi yote manne na la akiba.