Istilahi za Gari: Mtetemo Mmoja, Maana Nyingi

Istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake bali kwa kazi inayoifanya. Kwa kipimo hicho yafaa tulichunguze neno "mtetemo", ambalo watafsiri wa vitabu vya ufundi hulitwika kila msukosuko wa gari.

Tuseme dereva wa Land Rover kuukuu iliyoko Ngenge, wilayani Muleba, anaiarifu ofisi ya Bukoba kuwa "gari lina mtetemo". Karani atakisia tu. Huenda akaagiza matairi, kumbe kasoro imo katika propela shafti, yaani bomba la chuma lipelekalo nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu. Fedha za umma zitatumika, na gari litabaki na ugonjwa wake.

Fundi hutofautisha. Kwanza, huuliza kama msukosuko unafuata kasi ya injini au mwendo wa gari. Ukiendelea katika mwendo uleule hata gari likitolewa kwenye gia na injini ikashuka kasi, chanzo chake hakimo katika injini. Pili, hupima wepesi wake. Katika Land Rover za Series, uwiano wa kawaida wa difu ni 4.7 kwa 1. Gurudumu likizunguka mara moja, shafti huzunguka karibu mara tano. Basi kasoro ya gurudumu husukasuka polepole, na ya shafti huenda mbiombio. Napendekeza ile ya kwanza iitwe "mtikisiko", na "mtetemo" libakie kwa hii ya pili. Maneno yote mawili tunayo. Kilichokosekana ni mpaka kati yao.

Neno la pili ni "mhimili", analoliteua mtafsiri anayeikimbia "shafti". Neno hili tayari linabeba mhimili wa dunia na mihimili ya dola. Zaidi ya hayo, shafti huzunguka kwenye mhimili wake. Haiwezi kuwa ndiyo mhimili wenyewe. Mhimili wa kijiometri ni mstari wa kufikirika, haupindi wala haubonyei. Shafti hupinda.

Tatu ni "krosi", kiungo chenye umbo la msalaba kinachoshikwa na panda mbili. Kikifanya kazi kwa pembe, krosi hii huiharakisha shafti mara mbili na kuichelewesha mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya ncha ya pili huusawazisha mwendo huo, mradi panda za shafti katika ncha zote mbili zielekee upande mmoja. Shafti ikichomolewa kwenye meno yake yatelezayo, kisha ikarudishwa jino moja kando, gari litatetema hata kama krosi zote ni mpya. Mwongozo usemao "unganisha vizuri" haumsaidii mtu hapo. Useme: "panda zilingane".

Wapo watakaoyaona maneno haya kuwa ya gereji, yasiyostahili kitabu. Lakini mafundi wameyajaribu kazini, na kila moja lina kitu chake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 ili kuikuza lugha hii, na lugha haikuzwi kwa kuwapokonya watu maneno wanayoelewana kwayo. Mwana istilahi na aende kwanza chini ya gari, ndipo arudi mezani kusanifu.