Sikiliza Swali la Pili

Ukikabidhiwa mahojiano ya podikasti yaliyotengenezwa na wanafunzi, usianzie mwanzo. Dakika ya kwanza huwa imefuliwa na kupigwa pasi: muziki, jina la kipindi, majina ya timu. Ruka hadi katikati, pale wazungumzaji wameshazoea maikrofoni, ndipo uanze kuhukumu.

Mjasiriamali yeyote aliyewahi kualikwa kwenye semina ana hadithi yake tayari. Alianza na mtaji wa elfu hamsini, akadharauliwa, akavumilia, leo ana maduka mawili. Hasemi uongo, ila ameisimulia mara nyingi mno hadi imebaki laini, haina pa kushika. Kazi ya timu ni kumtoa humo. Ndiyo maana swali la kwanza mimi silipi alama. Lilikuwa kwenye karatasi, pengine hata mwalimu amelipitia. Alama zangu nyingi ziko kwenye swali la pili, lile linalozaliwa na jibu.

Tuseme mhojiwa ni muuza vitenge wa Kariakoo. Anasema alianza na elfu hamsini, na mwaka uliofuata akapata fremu ya duka. Timu ya kawaida inampongeza na kuhamia swali linalofuata kwenye karatasi. Timu yenye masikio inasimama hapo hapo, kwa sababu hesabu haijakaa sawa. Fremu hulipiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingine kuna hela ya kilemba juu yake. Elfu hamsini ilifikaje huko? Sasa ndipo yanatoka mambo yenyewe: kikoba cha akina mama, mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, uliomkosesha usingizi, au mzigo aliopewa na mwenye duka la jumla kwa mali kauli, alipe akishauza. Akitaja mali kauli, swali bora kuliko yote ni fupi: kwa nini alikuamini wewe? Atakayelijibu hilo atalazimika kueleza alivyorudisha hela kidogo kidogo, kwa siku aliyoahidi, hata wiki ambayo hakuuza kitu.

Wanafunzi wengi hawaulizi hivyo, na si kwa kukosa akili. Mhojiwa ni wa umri wa mama zao. Wamempa shikamoo, wamepokea marahaba, na baada ya hapo kumkatisha mtu mzima kunaonekana utovu wa adabu. Mimi naona adabu hiyo hiyo ndiyo inayowapa njia. “Samahani mama, nikurudishe nyuma kidogo, umesema ulipata fremu…” Maneno yamekatwa, heshima ipo pale pale, na mama mwenyewe amejua kwamba anasikilizwa. Nikikuta kauli ya namna hiyo naiwekea alama, maana imetoka kwa mtu aliyeacha karatasi. Kisha nasikiliza kama aliyeuliza ananyamaza. Sekunde tatu za ukimya baada ya swali la hela ni ndefu sana kwa kijana wa miaka ishirini; hujikuta anaongeza maelezo, anapendekeza na jibu kabisa, na mhojiwa anabaki kusema “ndiyo.” Akiweza kuvumilia, mhojiwa ndiye atakayeujaza ukimya ule.

Jihadhari pia na kazi za kuiga. Kipindi cha Marekani cha How I Built This, kinachoendeshwa na Guy Raz tangu 2016, kimefundisha wengi umbo la wazo, anguko na ushindi, pamoja na swali lake la kufungia kuhusu bahati na juhudi. Kwa mtu aliyejenga kampuni kubwa, umbo hilo linakaa. Kwa mama lishe ambaye mwaka huu yuko pale pale alipokuwa mwaka jana, na watoto wanasoma, linamlazimisha abuni anguko na ushindi ambao hakuupata. Timu nzuri hukubali biashara isiyo na kilele.

Sauti haina kisingizio, kwani haihitaji hela nyingi. Simu mbili zinatosha, kila mzungumzaji na yake, umbali wa ngumi moja au mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi “p” isigonge. Piga kofi moja mwanzoni ili rekodi mbili zilinganishwe baadaye kwenye Audacity, programu ya bure. Zima feni na friji. Chumba chenye kuta tupu kipewe mapazia au godoro. Vilele vya sauti wakati wa kurekodi vikae karibu na desibeli −12, na kazi iliyokamilika ifikie ukubwa wa sauti wa takribani −16 LUFS, kiwango ambacho Apple hupendekeza kwa podikasti. Makelele ya sokoni yana utamu wake, lakini yarekodiwe peke yake, kisha yawekwe chini ya maneno panapohitajika. Muziki unaopigana na sauti ya mhojiwa naupunguzia alama bila huruma.

Uhariri naupima kwa pumzi. Mtu asiyevuta pumzi kati ya sentensi mbili amekatwa, na kelele ya nyuma inayoruka ghafla inashuhudia hivyo hivyo. “Yaani” na “eeh” chache zibaki, la sivyo mama wa Kariakoo anaanza kusikika kama msoma taarifa ya habari. Kosa zito zaidi ni jibu lililohamishiwa chini ya swali lingine. Hilo kwangu linafuta kazi nzima, hata kama kila neno ni la mhojiwa mwenyewe.

Kazi mbili zikilingana, naomba rekodi ghafi. Nataka kusikia kilichotupwa na nani aliyekitupa. Timu iliyokata habari ya kausha damu ili ibakize dakika tatu za “una ushauri gani kwa vijana?” inashuka nafasi, hata kama sauti yake ni safi kuliko zote.