Uso wa Shujaa: Mpenzi wa Hadithi za Picha na Uteuzi wa Mwigizaji

Katika uhakiki wa fasihi simulizi imezoeleka kusemwa kwamba hadithi haikamiliki bila hadhira. Fanani hutamba, hadhira huitikia, na katika majibizano hayo mhusika hupata sura yake. Kanuni hiyo yafaa pia kupimiwa sanaa ambayo vijana wengi wa vyuo huifahamu vizuri, nayo ni hadithi za picha, zile ziitwazo bede huko Lubumbashi na Kinshasa, pamoja na filamu zitokanazo nazo. Makala haya yanatazama jambo moja tu: kipindi cha kungoja, yaani muda ulio kati ya kutangazwa kwa filamu na kuonyeshwa kwake, ambapo mpenzi wa hadithi hujiuliza ni nani atakayepewa nafasi ya shujaa wake. Hoja inayotetewa ni kwamba kungoja huko si utoto. Ni uhakiki, tena ni mlango mmoja kati ya michache iliyobakizwa kwa hadhira pale ambapo hadithi ina mwenye mali.

Mfano ulio wazi ni ule wa Batman, shujaa wa Kimarekani aliyebuniwa na Bob Kane na Bill Finger, akatokea mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics. Batman hana nguvu za ajabu. Ni tajiri aliyeshuhudia wazazi wake wakiuawa, akaufunza mwili na akili yake, kisha akavaa kinyago na joho la popo ili awatishe wahalifu. Mwaka 1988 ilijulikana kwamba katika filamu iliyokuwa ikitayarishwa na kampuni ya Warner Bros., chini ya mwongozaji Tim Burton, nafasi hiyo ingeshikwa na Michael Keaton. Wapenzi wa hadithi walighadhibika. Inasimuliwa kwamba barua zipatazo 50,000 za malalamiko ziliifikia kampuni, na mwishoni mwa mwaka huo ugomvi ukafika hata kwenye magazeti ya biashara.

Kwa nje, malalamiko yalihusu mwili. Keaton hakuwa mtu wa kifua kipana, wala hakuwa na taya lile la mraba ambalo wachoraji walikuwa wamelizoesha macho ya wasomaji. Lakini mhakiki akiishia hapo atakuwa amesikia maneno asisikie maana. Keaton alijulikana zaidi kwa vichekesho, kama vile Mr. Mom ya mwaka 1983 na Beetlejuice ya mwaka 1988, ambayo nayo iliongozwa na Burton. Wasomaji walikuwa bado wanakumbuka mfululizo wa televisheni wa miaka 1966 hadi 1968, ambamo Batman alifanywa kichekesho. Kisha mwaka 1986 Frank Miller alitoa The Dark Knight Returns, hadithi ya shujaa mzee, mwenye hasira na majonzi, iliyowathibitishia wasomaji kwamba jambo walilolipenda tangu utotoni lilistahili kuchukuliwa kwa uzito. Hofu yao basi ilikuwa kwamba heshima iliyopatikana kwa shida ingerudishwa kuwa mzaha. Kidevu kilikuwa kisingizio. Kilichopiganiwa ni daraja la hadithi.

Hata hivyo hoja yao ilikuwa na udhaifu. Walidai mwigizaji afanane na Batman, ilhali Batman wa kwenye karatasi hajawahi kuwa na uso mmoja. Tangu mwaka 1939 amepita katika mikono ya wachoraji wengi, na kila mmoja amemfupisha, amemnenepesha au amemzeesha apendavyo. Sura aliyoitetea msomaji ilikuwa ile aliyoiumba mwenyewe kutokana na michoro mingi. Burton naye aliona kinyume chao: mtu mwenye misuli ya kutisha hana haja ya kujivika popo. Anayehitaji kinyago ni mtu wa kawaida mwenye jeraha moyoni, na jeraha hilo mwongozaji alilitafuta machoni mwa mwigizaji. Misuli ilitengenezwa na mafundi wa mavazi. Filamu ilipotoka mwezi wa Juni mwaka 1989, ilipata zaidi ya dola milioni 400 duniani, na Keaton akarudia nafasi hiyo mwaka 1992.

Je, kufanana kwa mwili ni sharti la kumwakilisha shujaa? Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, unatoa jibu lenye manufaa. Masimulizi ya Candi Rureke, yaliyonakiliwa mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, yalichukua siku kumi na mbili. Fanani aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, naye akawa Mwindo. Mwindo huyo ni mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, mkononi ana usinga wake. Anayemwigiza ni mtu mzima. Umbali huo wa umri na umbo haukuivunja hadithi. Hadhira ilikuwapo, ikaimba pamoja naye, ikamtunza, na kwa kuitikia kwake ikamkubalia kuwa mtoto. Kufanana hakukutafutwa usoni, kwa kuwa makubaliano yalifanyika papo hapo kati ya pande mbili zilizoonana.

Tofauti na filamu iko hapo. Mpenzi wa Batman hakuonana na fanani wake. Uamuzi ulifanyika ofisini, na yeye akaupata kama habari. Shujaa ni mali ya kampuni. Msomaji, hata akiwa amemsoma kwa miaka thelathini, ni mnunuzi tu. Ni kweli kwamba katika mwaka ule ule wa 1988 wachapishaji waliwaruhusu wasomaji kupiga kura kwa simu ya kulipia ili waamue kama Robin, msaidizi wa Batman, afe au apone. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka apone, Robin akafa. Kwa hiyo hadhira iliulizwa juu ya maisha ya mhusika, lakini haikuulizwa juu ya uso wa shujaa. Barua zile zinaweza kusomwa kama kiitikio kilichokosa ngoma.

Tangu hapo jambo limejirudia. Heath Ledger alipotajwa mwaka 2006 kwa nafasi ya Joker, adui wa Batman, wengi walimcheka. Mwaka 2009, baada ya kufariki, alitunukiwa Oscar kwa nafasi hiyo hiyo. Mwaka 2013 Ben Affleck alipokelewa kwa kelele kama zile za Keaton. Naye Keaton mwenyewe, aliporudi katika The Flash ya mwaka 2023, wengi walimshangilia kama Batman wa utoto wao. Uso uliokataliwa ulikuwa umegeuka kuwa kipimo ambacho wengine walipimiwa.

Matukio hayo yanaweza kumshawishi mhakiki kusema kwamba mashabiki hukosea, basi wanyamaze wangoje. Hitimisho hilo ni la haraka. Walikosea kuhusu uwezo wa mwigizaji, jambo ambalo hakuna awezaye kulijua kabla ya mchezo. Hawakukosea kudai kwamba shujaa aliyeishi vichwani mwao miaka mingi ni wao pia kwa sehemu fulani. Filamu ikishatoka, uso mmoja hufunika nyuso zote ambazo kila msomaji alijichorea. Kabla ya siku hiyo nyuso zote zingali hai, na mabishano juu yake huonyesha kila mmoja aliielewaje hadithi. Mwanafunzi wa fasihi anayechunguza nafasi ya hadhira asisubiri filamu iishe ndipo aanze kazi. Ayasikilize mabishano ya kabla, na kwa kila jina linalopendekezwa aulize: huyu anayependekeza ameona nini ndani ya shujaa, na anaogopa kupoteza nini?