Uhaini na Adhabu Yake katika Antigone ya Sophocles

Mchezo wa Antigone, ulioigizwa Athens yapata mwaka 441 K.K., aghalabu husomwa kuwa ni mgongano baina ya amri ya dola na haki ya ukoo. Hegel aliupa usomaji huo nguvu alipoona kuwa pande zote mbili zina haki. Walakini kuna swali linalotangulia: je, amri ya Creon ilikuwa kweli ni adhabu ya uhaini?

Kosa lenyewe halina ubishi. Polyneices alileta jeshi la Argos kuushambulia mji wake wa Thebes, akauana na nduguye Eteocles. Hata Antigone hadai kuwa hakutenda; ashikilia tu kwamba aliyekufa ni ndugu yake. Creon, mjomba wao, aamuru Eteocles azikwe kwa heshima, na maiti ya Polyneices iachwe iliwe na ndege na mbwa. Atakayeizika apigwe mawe hata afe.

Watazamaji wa Athens waliijua adhabu iliyokaribiana na hiyo. Sheria yao ilikataza haini kuzikwa katika ardhi ya Attica. Thucydides ataja habari kwamba mifupa ya Themistocles ilizikwa humo kwa siri kwa sababu hiyo. Lakini sheria ile ilihusu ardhi ya Attica tu. Ng'ambo ya mpaka jamaa waliweza kumzika mtu wao. Creon atenda kinyume: aizuia maiti papo hapo nchini, wala hamruhusu yeyote kuisitiri.

Hapa maneno ya Kiswahili yamfaa mhakiki. Adui aweza kuwa mtu baki. Haini hawi ila mtu wa ndani. Kilicholifanya tendo la Polyneices liwe uhaini ni uzawa wake wa Thebes, na uzawa huo huo ndio uliompa dada wa kumzika. Creon amhukumu kwa kosa la mtu wa ndani, kisha amnyima kaburi kama mtu wa nje, akisema kwamba adui hawi rafiki hata akifa.

Hukumu iliyokosa mpaka haikomi kwa mtu mmoja. Creon awatuhumu walinzi kuwa wamehongwa, Ismene kuwa amekula njama, na hata Teiresias mwaguzi kuwa anatafuta fedha. Antigone afungiwa pangoni akiwa hai, hali maiti imeachwa juu ya ardhi. Teiresias amwonya mfalme kwamba amebadilisha mahali pa wazima na pa wafu.

Creon ajuta. Wazee wamshauri amfungue msichana kwanza, yeye atangulia kuizika maiti. Afikapo pangoni Antigone amekwisha kujinyonga. Haemon mwanawe ajiua, kisha Eurydice mkewe. Sophocles hasemi kwamba haini asiadhibiwe, wala hamsafishi Polyneices. Ubora wa mchezo ni kuwa amemwacha na hatia yake yote, akaonyesha kwamba hata hatia hiyo haikumpa mwamuzi mamlaka juu ya maiti.