Pametelekezwa na nani? Foto za familia moja kutoka Uvira

Foto 34 zilizotundikwa ukutani pale kituo cha vijana zimeongelewa sana hapa kambini, na mara nyingi zimeongelewa vibaya. Wengine wamelia mbele yake. Wengine wamesema ni aibu kuonyesha kwetu namna ile. Wageni wa mashirika wamezisifu harakaharaka, kama mtu anayesifu chakula huku gari linamsubiri nje. Kwa maoni yangu ni wachache waliozitazama kama foto. Yaani kuuliza aliyepiga alisimama wapi, alielekeza telefoni wapi, na nini alikiacha nje.

Zilipigwa Uvira, Jumapili moja ya Agosti 2024. Baba, mama, bibi na watoto watatu walitoka asubuhi upande wa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, wakafuata barabara kubwa kwa mguu mpaka bandari ya Kalundu. Ni mwendo mrefu, na bibi alipandishwa pikipiki sehemu fulani. Walitaka ndugu zao walio hapa Nyarugusu waone sehemu za wote: uwanja, daraja, robine ya mtaa, ufuko, bandari. Hawakupiga nyumba yao wala sherehe. Hilo peke yake ni jambo jipya kwetu, maana tumezoea ndugu wanaosimama mbele ya pazia, au mbele ya gari la mtu mwingine.

Kitu ambacho hakikuandikwa ukutani, na kilipaswa kuandikwa, ni kwamba telefoni zilikuwa mbili. Foto 22 ni za baba. Foto 12 ni za binti yake wa miaka 14. Ukishajua hivyo unaweza kuzitenganisha bila kuambiwa.

Za baba zimepigwa kwa urefu wa macho ya mtu mzima, kitu kimoja katikati, na watu hakuna. Uwanja wenye majani marefu. Robine isiyotoa maji. Jengo la serikali la tangu Wabelgiji, madirisha yamezibwa kwa mbao. Mtaro uliojaa chupa za plastiki. Chini ya kila moja ameandika maneno yaleyale: «Hapa pametelekezwa.» Mara 22. Ukifika foto ya kumi unaacha kusoma, na ni hasara, kwa sababu baadhi ya foto zile ni nzuri kweli. Ile ya robine ina kivuli cha mkono kwenye saruji, mkono wa mtu ambaye hatumuoni, na kivuli kile kinasema mambo mengi kuliko maandishi.

Shida yangu ni neno hilo, pametelekezwa. Ni neno ambalo aliyefanya tendo hayumo ndani yake. Pametelekezwa na nani? Kiswahili kinaruhusu kusema hivyo ukaenda zako, na sisi wote tunakipenda kwa sababu hiyo: pameibiwa, pamechomwa, imeamuliwa. Lakini mtu akichukua telefoni akatembea mji mzima ili kushitaki, lazima ajue anamshitaki nani.

Chukua foto mbili zilizotundikwa jirani, ya ufuko na ya mto Mulongwe. Ya ufuko inaonyesha maji yamepanda mpaka kwenye ukuta wa nyumba, mlango umefunguliwa na ziwa limeingia ndani. Baba ameandika pametelekezwa. Hapana, mzee. Ziwa Tanganyika lilipanda miaka hii kwa mvua nyingi, likapanda Bujumbura, Kalemie na Kigoma vilevile. Maji yanaingia kutoka mito mingi, na Ruzizi inaleta pia yale ya ziwa Kivu, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Yanayobaki yanaondoka kwa jua. Wazee wetu wanakumbuka maji ya 1964, yalipanda hivyohivyo. Unaweza kuuliza nani aliruhusu nyumba zijengwe karibu namna ile, na hilo ni swali zuri. Lakini ziwa lenyewe halikutelekezwa na mtu.

Mulongwe ni kesi nyingine. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto ule ulishuka kutoka milimani na mawe, matope na miti. Watu makumi walikufa, maelfu walibaki bila nyumba, na mitambo ya maji ya REGIDESO iliharibika, kwa sababu mji unakunywa maji ya mto huohuo. Katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuondoka vizuri, hiyo ni habari ya uhai. Hapa kweli kuna watu wa kuulizwa: nani alikata miti ya juu kwa ajili ya makala, nani aligawa viwanja kwenye njia ya maji, nani alipaswa kuchimba mto na hakuchimba. Lakini baba ametia ziwa na mto katika kapu moja. Mtazamaji anatoka akidhani ni laana tu imeanguka Uvira, na kwa laana hakuna wa kuulizwa.

Sasa za binti.

Hajaandika chochote chini. Ameshika telefoni chini, karibu na kiuno, labda alikuwa anaficha, na kwa hiyo tunaona miguu, ndoo, mbuzi, mgongo wa bibi. Mahali ambapo baba amepiga uwanja mtupu, yeye amepiga goli la uwanja uleule: limegeuzwa kamba ya kuanikia, kuna shuka, kuna sare ya shule, na chini yake mtoto amelala. Mahali ambapo baba amepiga mawe ya Mulongwe kama kaburi, yeye amepiga wanawake wanne wamekaa juu ya mawe hayo wanayavunja kwa nyundo kwa ajili ya kuuza. Ufuko wake una ndagala zimeanikwa mchangani, zinang'aa, na alama kubwa za miguu ya kiboko zimepita pembeni. Mtu wa Uvira akiziona anacheka, anajua viboko wanavyotembea mle mjini usiku kama wenye nyumba.

Ni siku ileile, barabara ileile. Binti hakupamba kitu. Majani kwenye uwanja ni marefu vilevile, na mawe hayakupungua. Ila foto zake zinatuambia jambo ambalo za baba zinalificha: sehemu hizo hazikuachwa na watu. Zimeachwa na wale waliopaswa kuzitunza, wakati watu wanaendelea kuzitumia kila siku. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Uwanja usio na watu unaweza kuuzwa kesho kama viwanja vya nyumba, na nani atalalamika? Uwanja wenye shuka za watu una wenyewe.

Foto inayonishika zaidi ni namba 27. Bibi amesimama ndani ya maji mahali ambapo palikuwa njia ya kushuka ziwani. Viatu ameshika mkononi, kitenge amekipandisha magotini, na anaangalia upande, si kwenye telefoni. Hatujui anaangalia nini. Haombi huruma, anatafuta tu pa kukanyaga.

Niliwahi kuwaonyesha vijana wa kikundi chetu, kwenye telefoni, kazi ya Sammy Baloji wa Lubumbashi. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo unaoitwa Mémoire. Alipiga viwanda vya Gécamines vilivyozimika, vyuma vyenye kutu, halafu akachukua watu kutoka foto za zamani za wakoloni, wafanyakazi pamoja na mabosi wao, akawasimamisha mbele ya magofu yale. Ukitazama huwezi kusema tu kwamba pameharibika. Unalazimika kuuliza nani alifanya kazi hapa, kwa nguvu ya nani, na faida ilikwenda wapi. Binti wa Uvira hamjui Baloji na hana kompyuta ya kukata na kubandika, lakini amefika karibu na swali hilohilo kwa kuinama tu.

Ni haki pia kumtetea baba, kwa sababu wanaomcheka hapa wanasahau kule kukoje. Kwetu huwezi kusimama barabarani na telefoni ukapiga unavyotaka. Daraja, bandari, mpaka, jengo lolote lenye bendera, unaweza kuulizwa unapiga kwa ajili ya nani, na jibu baya linagharimu pesa au zaidi ya pesa. Watu nao hawapendi kupigwa bila ruhusa, na wana sababu. Kwa hiyo baba alisubiri watu wapite. Alichagua saa ambayo wengi wako kanisani. Utupu wa foto zake kwa sehemu ni woga, na woga huo ni habari ya kweli kuhusu mji. Ndiyo maana ile ya bandari ya Kalundu, ambayo imepinda na imepigwa kutoka mbali nyuma ya mti, mimi naiona ni bora kuliko zote zake. Kila mtu anasema ameikosea. Lakini ndani yake unamuona mpiga picha mwenyewe, baba mwenye watoto watatu nyuma yake, anapiga haraka na kurudisha telefoni mfukoni.

Yaliyotokea baada ya foto kufika hapa pia ni sehemu ya hadithi yake. Wageni waliokuja kutembelea kituo walipiga foto za foto, kwa ajili ya ripoti. Walichagua nne. Zote za baba, na zote bila mtu. Namba 27 hawakuiuliza. Sisemi walikuwa na nia mbaya, nasema jicho lao limezoea: mahali tulipotoka lazima paonekane pamekufa ili msaada ueleweke. Nao ndugu wanaosoma gazeti hili wakiwa na vitambulisho shingoni, nawaomba wakipita tena waanze na ukuta wa kulia.

Kwa upande wetu jambo ni zito zaidi. Vijana wengi wa kikundi changu walizaliwa hapa Nyarugusu. Uvira kwao ni jina ambalo mama anataja akikasirika au akifurahi sana. Mmoja, wa miaka 15, alitazama foto zote za baba kwa mstari, akauliza: «Sasa ndiyo huku wanasema turudi?» Jioni swali lile lilifika nyumbani kwao na likaleta ugomvi kati ya wazazi, mmoja anayetaka kurudi na mmoja asiyetaka. Foto zikawa ushahidi wa upande mmoja. Ningekuwa nimetundika za binti peke yake, zingekuwa ushahidi wa upande wa pili, na hiyo isingekuwa haki pia. Foto za Agosti 2024 haziwezi kumwambia mtu arudi au abaki. Tangu zipigwe mji ule umeona vita tena, na hakuna hata foto moja kati ya 34 yenye askari, kwa sababu niliyokwisha kusema.

Tumezungumza na familia kwa telefoni. Baba amekubali tutoe maandishi yake na kuweka mapya, yenye jina la mahali na, palipo na wa kuulizwa, aulizwe. Binti amesema zake tusiandike kitu. Tumezipanga upya: kila ya baba iko jirani na ya binti ya mahali palepale, na zile za baba ambazo hazina mwenza tumeacha karatasi nyeupe pembeni yake. Kalamu imefungwa kwa kamba. Mpaka jana karatasi ya uwanja ilikuwa na mistari sita kwa mwandiko wa watu tofauti, wawili wanabishana nani alifunga goli mwaka fulani, na mmoja amechora mahali mti wa embe ulipokuwa.